Taa Aliyoiona Mama Mkwe

Fundi alikuwa na jina mtaani: gari likiguna tu, ameshajua linaumwa wapi. Sifa hizo zilimvimbisha kichwa. Basi mama mkwe alipomletea kigari chake na kusema taa ya injini inawaka na kuzimika, fundi alikuta imezimika, akatabasamu. Akachomoa waya wa betri, akaurudisha, akasema kazi imekwisha. Kifaa cha kusoma makosa ya injini kilikuwepo gereji ya jirani, lakini jirani huyo alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, na kwenda kumwomba kulimshinda.

Mama mkwe aliporudi na neno lile lile mara ya tatu, fundi alimchoka. Mkewe alipouliza gari la mama lina nini, akajibu, "Gari halina kitu. Mama ameanza kuona vya kwake."

Neno likapokewa. Mke akawapigia ndugu zake, wakakaa kikao, na mama akanyang'anywa funguo kwa upole, kama mtoto aliyeshika kisu. Gari akaachiwa fundi aliuze.

Siku ya kulipeleka kwa mnunuzi, akipanda mlima wa hospitali, taa ikawaka. Kileleni ikazimika. Alisimama kando, akafungua boneti, akapapasa mpaka akaupata waya uliochubuka, wa sensa, kile kifaa kinachoipasha kompyuta ya gari habari za injini: injini ikivuta mlimani unagusa chuma, ikitulia unaachia. Kompyuta hiyo ilikuwa imeyahifadhi yote hayo, na yeye kwa mkono wake ndiye aliyeyafuta kila alipochomoa betri. Aliona aibu mpaka masikio yakapata moto, tena peke yake barabarani, bila hata mtu wa kumcheka. Angeweza kuufunga waya utepe na kunyamaza. Aligeuza gari.

Alipofika nyumbani kwake, alimkuta mama mkwe amekuja, yuko sebuleni. Mkewe fundi alikuwa uani anaanua nguo, mtoto wao mchanga analia kwenye mkeka pale sebuleni, na mama mkwe, bibi yake, kakaa pembeni, mikono ameikunja. Fundi akakaa chini, akaweka funguo mbele ya mama.

"Mama, taa inawaka. Nimeiona. Mwenye makosa ni mimi."

Mama alizitazama funguo, hakuzigusa.

"Nilikuamini, mwanangu, kwamba naona vya kwangu; wewe ndiye fundi," alisema taratibu. "Mwezi mzima sijambeba huyu mtoto. Naogopa nitamwangusha."

Fundi alimwinua mtoto, akampelekea mama. Mama hakumpokea mpaka kwanza alipomwomba fundi asogee karibu, na yeye naye aweke mkono wake chini ya mtoto.