Koti Lenye Mikono ya Kushoto

Kila Jumamosi saa tisa, fundi cherehani huingia kwenye ukumbi wa zahanati na futi yake ya kupimia shingoni, kana kwamba kaacha mteja dukani. Husimama mbele ya watu wanaojaribu kuacha pombe, yeye ambaye miaka sita hajaonja tone, na kutundika koti la shule dirishani. Mwenye macho haambiwi tazama: koti lina mikono miwili, yote ya kushoto. "Nilishona hili nikiwa nimelewa chakari," husema. "Mteja aliponiwakia, nikamwambia mkono mmoja utanyooka ukifuliwa!" Watu hucheka hadi machozi, naye huwaacha wacheke, akiamini mtu aliyecheka atarudi wiki ijayo.

Jumamosi hii aliyekaa kiti cha nyuma hakucheka. Alikuwa binti yake, kaja bila kuitwa, mkoba mapajani. Fundi akaivua futi, akaizungusha kidoleni kama afanyavyo uzi unapomkatikia. Angeweza kuendelea kama siku zote, na nani angejua ila binti huyo?

"Hakukuwa na mteja," akasema. "Niliwadanganya. Koti ni la mwanangu. Alilivaa mwaka mzima, wenzake wakimcheka, na hakuniambia neno."



"Miwili, baba," binti akasema. "Nililivaa miaka miwili."

Fundi akalitundua koti, akalikung'uta, akalitundika tena.

"Basi naanza upya," akawaambia. "Alilivaa miaka miwili."