Mahubiri Yaliyoandikwa Juu ya Barua

Ndugu yangu Josias Thurlby alikuwa kasisi wa Marlthorpe kwa miaka thelathini, na sikumbuki hata siku moja alipozika mtu au kubatiza mtoto akiwa na kucha safi. Udongo ulikaa humo kama mpangaji. Baba yetu alikuwa na uwezo wa kusomesha mtoto mmoja tu. Mkubwa ni mimi, na mwenye akili ni mimi, lakini yeye alipelekwa Oxford, mimi nikapelekwa jikoni. Herufi nilizoambulia ni chache, ndizo hizi mnazosoma, na kila moja naifanyisha kazi. Zake zilikuwa nyingi na nyingi zilizurura tu.

Siku ya Jumapili alihubiri kwamba Mungu aliumba kila mche kwa jinsi yake, nao ukatulia palepale ulipowekwa. Jumatatu alikaa mezani, miguu ndani ya beseni la maji moto, akamwandikia Daktari Penhallow wa Cornwall kwamba primrozi, lile ua la manjano linalochungulia theluji ikiyeyuka, na kauslipi, ua mwenzake wa mabondeni, ni wajukuu wa bibi mmoja, na kwamba hakuna mche uliowahi kutulia tangu dunia iwe dunia.

Nikamwuliza, "Josias, mwongo ni yupi kati yenu, wa Jumapili au wa Jumatatu?"

"Dada, hayo ni mambo ya elimu."

"Kumbe elimu ni kuwa na ndimi mbili. Basi yule nyoka wa Edeni alikuwa profesa."

Huyo Penhallow hatukuwahi kumtia machoni. Yeye na Josias walipendana kama wachumba na kutukanana kama wake wenza, yote kwa barua. Posta ilituletea nyuki wafu, kuvu iliyofungwa kwenye soksi, na mara moja mguu wa kwale wenye donge la tope, kwa sababu Penhallow alitaka Josias alipande lile tope aone litaota nini. Bakuli zangu za supu, alizoniachia mama, zilijazwa maji ya chumvi na mbegu za kabichi. Mabwana walitaka kujua kama mbegu yaweza kuvuka bahari ikafika hai. Zangu hazikuvuka chochote, zilinuka. Josias akajaza kurasa nzima kueleza ule uvundo. Penhallow akajibu kwa fahari kwamba wa kwake unanuka zaidi.

Sasa, sisi watu wa kubana matumizi tulikuwa na desturi yetu. Ukurasa ukijaa, unaugeuza ubavu na kuandika tena juu ya yaleyale, mistari ikikatana kama wavu. Msomaji anasoma kwa upande mmoja, kisha anageuza anasoma kwa upande wa pili. Hiyo ni akili. Josias akaizidisha akili mpaka ikawa ujinga: alichukua barua za Penhallow, akazigeuza ubavu, na juu yake akaandika mahubiri. Ya Penhallow yalikuwa kwa wino mweusi, ya Mungu kwa wino mwekundu. Hivyo ndivyo alivyoyatenganisha, na sijui kama kichwani mwake yalitengana kwa njia nyingine.

Mwaka ule kanoni mmoja, yaani kasisi wa baraza la kanisa kuu, alifariki, akaacha nyumba tupu. Nyumba kavu, yenye ukuta unaotazama kusini ambao mtini ungezaa juu yake! Marlthorpe yetu ni bwawa lenye kanisa. Maji yanapanda chini ya mazulia, na kila kipupwe kifua cha Josias kililia kama mlango wa ghala. Daktari alishasema wazi: hamia pakavu, la sivyo utazikwa palipo na maji. Josias aliitamani nyumba ile kuliko nilivyowahi kumwona akitamani kitu kisicho na mizizi.

Askofu akaandika kwamba atakuja Jumapili kumsikiliza akihubiri. Tena alisema, na kila mtu alijua anasema kweli, kwamba hatampa nyumba yoyote kasisi anayeamini viumbe vinabadilika.

Jumamosi nikamkuta Josias ameinamia chupa ya wino mwekundu. Ndani yake alikuwa ametumbukiza mashina ya primrozi nyeupe.

"Dada, njoo uone! Petali zimeota mishipa! Maji yanapanda, Dada, yanapanda!"

"Na wino umekwisha. Mahubiri utayaandika kwa wino gani?"

"Mweusi si upo?"

"Penhallow naye kaandika kwa mweusi."

"Mwandiko wake umelala, wangu umesimama. Kipofu angetofautisha."

"Nunua karatasi, Josias. Anakuja Askofu, si muuza samaki."

"Karatasi ninayo," akasema, akaigeuza barua ubavu.

Jumapili kanisa lilijaa. Askofu alikuwa mtu mnene, na popote alipokwenda tumbo lilimtangulia kumfungulia njia. Aliwekwa kwenye kiti cha mbele, kikalalamika. Josias akapanda mimbarini, akaanza vizuri, nisimsingizie. Nchi ikatoa majani, mche ukazaa kwa jinsi yake. Hapo kifua kikamshika. Akakohoa kwa nguvu, karatasi zikaruka kama njiwa, na Scrimshaw, mzee wa kanisa letu na mfugaji wa nguruwe, akaziokota akampandishia. Josias akazipokea, akafuta machozi ya kikohozi, akaendelea kusoma. Alikuwa ameushika ukurasa ubavu.

"'Kwa hiyo, rafiki mpendwa,'" akasoma kwa sauti yake ileile ya madhabahuni, "'primrozi mwenye kichwa cha pini katikati ya ua hazai vema na mwenziwe wa pini. Humtaka mchumba wa nyumba nyingine, na nyuki ndiye mshenga.'"

Scrimshaw, ambaye kwa kawaida husinzia tangu wimbo wa kwanza, akafumbua macho yote mawili. Mimi nikaushika mwavuli wangu. Mtasema, vipi Josias hakusikia anachosoma? Kwa miaka thelathini alisoma mahubiri bila kuyasikiliza. Kwa nini aanze leo?

"'Nimewaoza mimi mwenyewe kwa brashi ya rangi. Watoto wao hawakumfuata baba wala mama. Sasa nionyeshe huo ukuta kati ya jinsi na jinsi uko wapi.'"

Nikamtazama Askofu. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, kwa upole! Baadaye aliniambia alidhani ni mfano wa Kristo na Kanisa. Elimu yote ya Penhallow ilimpita masikioni kama upepo kwenye uzio, na nyumba kavu ilikuwa bado yetu. Nikaulegeza mwavuli.

"'Lakini haya usimwambie Askofu wako,'" akaendelea Josias. "'Nilimwona mjini Bath, amekaa ndani ya maji ya dawa mpaka kidevuni. Kama kweli kiumbe hakibadiliki, nieleze yule kiboko amepataje kuvaa joho.'"

Scrimshaw akacheka, na alicheka kama mifugo yake. Josias akaacha kusoma. Akaugeuza ukurasa, akautazama, akaugeuza tena. Wekundu ukampanda shingoni, mshipa kwa mshipa, kama lile ua kwenye wino.

"Amina," akasema.

Nyumbani nilikuwa nimeshamchoma bata bukini, na Askofu hakuwa mtu wa kumwadhibu bata kwa makosa ya kasisi. Alikula paja, akala la pili, ndipo akafuta midomo.

"Kasisi Thurlby, huyo aliyeandika ni nani?"

"Ni Daktari Penhallow, Baba Askofu. Hatujawahi kuonana."

"Vizuri. Basi kumwacha hakutauma. Utamwandikia hapa, mbele yangu, kwamba urafiki wenu umekwisha na hutapokea tena barua yake. Ukimaliza, nitasahau nilichosikia, na nyumba ya kanoni ni yako. Bi Damaris, kuna pudini?"

"Ipo, Baba Askofu."

Nikaiweka pudini mezani, nikaweka na kalamu, tena karatasi mpya niliyokuwa nimeinunua mwenyewe. Josias akaishika kalamu. Nilimjua vizuri ndugu yangu. Alikuwa ameutupa ukweli kila Jumapili kama maganda ya viazi, na sikuona kwa nini aone uchungu kuutupa siku hiyo moja.

"Josias," nikamwambia, "fikiria kifua chako."

"Nakifikiria, Dada." Akaisukuma kalamu. "Baba Askofu, kuhusu kiboko, naomba radhi kwa magoti. Lakini siwezi kumwacha Penhallow."

"Kwa sababu gani?"

"Ana mbegu zangu za kauslipi. Bado hajanijibu zimeota nini."

Hilo ndilo neno pekee la ushujaa nililopata kulisikia kinywani mwake, na alilisema kwa ajili ya mbegu. Sikujua nimkumbatie au nimpige na mwiko. Askofu alimaliza pudini kwanza, kisha akaomba kofia yake.

Jibu lake lilikuja wiki ile. Nyumba alipewa kasisi mwingine ambaye hakuwa na marafiki wala maua. Josias alilisoma, akapapasa karatasi kwa kidole.

"Nzito hii, Dada. Tena ubavu wake bado mtupu." Akaigeuza ubavu, na juu ya maneno ya Askofu akaanza: *Penhallow mpendwa, yale mashina yaliyokunywa wino...*

Bwawa lilikichukua kifua chake kipupwe cha tatu. Tulimzika palepale daktari alipotabiri, na wachimba kaburi walichota maji kwa ndoo. Penhallow hakuja mazishini. Alituma pakiti ya mbegu za primrozi na za kauslipi, nizioteshe juu ya kaburi zikiwa bega kwa bega, kisha nimwarifu kama nyuki amefanya kazi yake.

Nilizipanda. Sikuzipanda kwa ajili ya Penhallow. Masika ya pili likatokea pale ua ambalo si la huku wala la kule, shingo ndefu ya kauslipi na uso mpana wa primrozi. Nikachukua karatasi mpya, safi, nikamwandikia upande mmoja tu, kwa herufi zangu chache:

*Yamechanganyika. Bakuli zangu za supu bado zinanuka.*