Bibi wa Onyesho la Mwisho Hajawahi Kutokea Jukwaani

Ndugu wasomaji, mhariri wa ukurasa huu ananifahamu, ila nimemwomba alifiche jina langu kwa sababu nitakayemlalamikia ni baba wa mke wangu. Nina miaka thelathini na mmoja, nimesoma hadi kidato cha nne, na ni karani hapa Kibaha. Jumamosi jioni nasimamia jukwaa la michezo ya kuigiza katika bustani ya mji, upande wa Maili Moja. Ni jukwaa la udongo ulioshindiliwa, halina paa wala umeme. Nusu ya bustani siku hizi imepandwa mihogo ya kampeni ya chakula, na watazamaji hukaa kwenye majani yaliyobaki.

Baba mkwe ni mwenyekiti wa kamati ya bustani. Kwa hiyo kila onyesho mgeni rasmi ni yeye, na kwa desturi yetu hakuna kinachoanza mpaka mgeni rasmi afike, akae, ahutubie. Tunatangaza saa kumi. Yeye hufika saa kumi na moja na nusu, akazungumzia kilimo, vyoo na kujitegemea, ndipo tunaanza. Mara giza linaingia, sura za waigizaji hazionekani, akina mama wanaita watoto wao, watu wanaondoka. Mchezo wa sasa tunauonyesha tangu masika yaishe, na hakuna mtazamaji aliyeuona mwisho wake.

Nimejaribu kila njia, na kila jaribio nimeliandika katika shajara yangu. Nilitangaza saa tisa. Mzee akasema mgeni rasmi hawezi kuwatangulia watu, na watu wakasema hawaji kuunguzwa na jua wakimsubiri mgeni rasmi. Niliomba karabai ya kamati, nikaambiwa mafuta ya taa hayapatikani, na ni kweli. Nilifupisha mchezo, naye alipoona kuna nafasi akarefusha hotuba. Mwisho nikamfuata nyumbani.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Umekuja na yale yale ya jukwaa.”

“Ndiyo, baba. Naomba safari hii hotuba iwe baada ya mchezo.”

“Baada? Wakati huo watu si wameshakwenda zao? Unataka nihutubie mihogo?”

Nikaaga.

Anayeniumiza zaidi ni mama mmoja, nimwite Bi Hawa. Anaigiza bibi anayetokea onyesho la mwisho la mchezo tu, kuwapatanisha wajukuu wanaogombea shamba. Huja kwa miguu kutoka Visiga, akajipaka majivu kichwani ingawa mvi anazo zake, akakaa nyuma ya pazia la magunia akinong’ona maneno yake. Kisha giza. Hajawahi kutokea jukwaani hata mara moja.

Kijana anayeigiza mjukuu mkubwa humtania. “Bibi, siku ukifa tutasema marehemu alikuwa mwigizaji hodari wa nyuma ya pazia.”

“Na wewe utagombea shamba mpaka uzeeke,” akamjibu, “maana wa kuwaamua ndiye mimi.”

Tulicheka sote. Lakini wakati wa kuondoka alinivuta pembeni. “Mwanangu, baada ya mchezo wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi nahamia Dutumi kwa binti yangu. Wajukuu zangu wa kweli nimewaambia naigiza, nao watakuja siku hiyo kuniangalia. Utanitoa nyuma ya pazia?”

Nikamwambia nitamtoa.

Kesho yake jioni nilimweleza mke wangu kwamba safari hii nitaanza saa kumi, mzee awepo asiwepo. Akauweka ungo chini.

“Ukimwaibisha baba mbele ya watu, mimi uso wangu nauweka wapi? Na kibali cha jukwaa anakitoa nani?”

“Na Bi Hawa?”

Akachukua ungo, akapepeta. “Naye ni mama wa watu,” akasema.

Ndugu zangu, nikimsubiri baba mkwe, mama huyu atahama bila kuonekana, na wajukuu zake watarudi Dutumi wakijua bibi yao aliwadanganya. Nikianza bila yeye, huenda tukakosa jukwaa, na nyumbani kwangu sijui kutakuwaje. Waigizaji wananitazama mimi, mke wangu naye ananitazama mimi. Ninyi mliooa na mna wakwe wenye vyeo, ikifika saa kumi na kiti cha mbele ki kitupu, mngefungua pazia au mngesubiri? Niandikieni kabla mwezi haujaisha.