Mkono wangu wa teksi uliniangusha kwenye mashindano ya bidoni, Bunia

Wakuu, salamu popote mlipo.

Mimi si mtu wa maneno mengi, na shule niliishia la sita. Naandika polepole, mnivumilie. Lakini haya yamenipata mwenyewe, sijaongeza kitu.

Niko Bunia, naendesha teksi ya mujomba wangu, Toyota ndogo ya zamani. Siku sita za juma ni teksi. Jumapili baada ya ibada, kwa miezi saba sasa, ni gari langu la mashindano.

Msifikirie yale ya kwenye televisheni. Ni kiwanja cha wazi juu ya mtaa wa Saio. Papa Justin, fundi wa magari, anapanga bidoni, madumu ya njano yenye mchanga. Mnapita katikati yake gari moja moja, yeye anapima muda kwa simu. Ukiangusha bidoni, unaongezewa sekunde tano. Kila dereva ana mizunguko miwili, unahesabiwa ule bora.

Mujomba hakuwahi kuyapenda. Gari hilo linalisha nyumba mbili.

Jumatano aliniambia kwa upole, na upole wake ndio ninaouogopa: Jumapili hii ni ya mwisho. Nisipokuwa kati ya watatu wa kwanza, gari nalo litapumzika siku ya Bwana kama Wakristo wengine.

Toka hapo usingizi ulikata. Nikiwa na abiria nilikuwa nahesabu bidoni kichwani. Mama mmoja wa sokoni nilimpitisha nyumbani kwake mpaka akanigonga bega.

Jumapili tulifika madereva tisa. Mzunguko wa kwanza niliendesha kama nimebeba mgonjwa. Nafasi ya tano.

Ukabaki mmoja.

Huo ulianza vizuri mno. Hata vijana waliokaa ukutani walinyoosha shingo kutazama. Ikabaki mteremko mfupi na kona ya mwisho.

Hapo mkono wangu ukatoa vitesi.

Wenye teksi wa huku watanielewa. Mafuta ni ghali, kwa hiyo kila mteremko tunatoa vitesi, gia inabaki huru, gari linashuka lenyewe. Roue libre, ndivyo tunavyoita. Nimefanya hivyo kila siku kwa miaka mitano, mkono haukuniuliza.

Gari likakosa kitu cha kulishika. Kwenye kona nikakanyaga mafuta, injini ikalia bure, gari likateleza kiubavu. Bidoni mbili chini.

Kijana mmoja ukutani akaniita, "Taximan, miye nitashukia hapa!" Wakacheka wote.

Papa Justin akasoma majina. Nimebaki wa tano.

Nikainua macho, nikamwona mujomba amesimama kando ya kiwanja. Sikujua kama angekuja.

Akalizunguka gari. Akashika matairi, akainama kutazama chini. Nikashuka.

"Pale kwa muteremuko ulitoa vitesi?"

"Ndiyo, mujomba."

Papa Justin alisogea kama anataka kunitetea. Mujomba akamzuia kwa mkono.

"Nani alikufundisha vile?"

Nikaona haya kujibu. Ni yeye. Nilipokuwa na miaka kumi na saba, kwenye barabara ya Djugu, alikuwa ananipiga vidole nikishuka na vitesi ndani.



"Njo mimi," akasema mwenyewe. "Basi hii kosa ya leo haiko yako peke yako. Jumapili ingine utakuya na gari. Lakini katikati ya juma usinimalizie mafuta."

Akaenda zake kwa mguu.

Nilichojifunza, wakuu: unaweza kuijua njia yote kichwani, na mkono ukafuata njia yake.

Sasa kwenye mteremko wa kazi natoa vitesi, wa kiwanjani nisitoe. Dereva yeyote hapa mwenye kazi mbili kwa mkono mmoja, aniambie anautenganisha vipi. Leo ni Ijumaa, na Jumapili ni keshokutwa.