Dhahabu ya Wafalme wa India Kwenye Mnada wa Kanisa

Mnicheke, lakini taratibu. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Kanoni, na hukusanya sarafu za kale. Ndoto yangu ni kupata sarafu moja ya dhahabu ya wafalme wa Mughal, waliotawala India zamani.

Jumapili iliyopita, kwenye mnada wa mazao baada ya ibada, mikungu ya ndizi ilipokwisha, mwinjilisti aliinua kitu cha njano chenye maandishi ya kigeni.

"Hiki kimekutwa kwenye kapu la sadaka. Nani anakitaka?"

Sarafu ya Mughal hiyo! Nikataja bei. "Nani anaongeza?" Nikaongeza mwenyewe! Mwishowe nikamtoa beberu tuliyekuwa tukiwatunzia wakwe. Mke wangu akanikazia macho. Nami, kifua mbele, nikawafundisha waumini habari za wafalme wale, nikasema huenda sarafu hii ni moja tu Kagera nzima.

Mama Koku wa kwaya akanyoosha mkono.

"Shikamoo, mwalimu. Samahani, hiyo ni yangu. Ilidondoka nilipokuwa nacheza kupeleka sadaka."

Akatikisa kiuno. Mtandio wa mtumba aliojifunga ukalia: sarafu za wafalme, safu tatu, zimeshonwa kwa uzi.