Baba Aliyepewa Kazi ya Picha

Pale Boito, ukimuulizia Mwalimu Bethwel Chepyegon, hakuna atakayekuambia kwamba alifundisha fizikia, au kwamba mwandiko wake ubaoni ulikuwa wa kupendeza. Utaambiwa tu, "Aa, yule wa picha!" Na ni kweli, kwa miaka mingi nusu ya kijiji ilitembea dunia kwa macho yake. Jumatatu, wanawake wakiwa kwenye kituo cha majani ya chai wanangoja lori la kiwanda, lazima mmoja angemwambia mke wa Mwalimu, "Rodah, hebu fungua simu tuone mzee alikuwa wapi wikendi."

Mzee alikuwa kila mahali. Alikuwa amefundisha kwa vibarua vya shule hapa na pale hadi akachoka kungoja ajira ya kudumu, akajaribu bahati yake mbali, akapata kazi katika shule ya kimataifa kule Bangkok, Thailand. Ijumaa kengele ya mwisho ikilia, begi lilikuwa tayari mlangoni. Wiki hii yuko kwenye soko ambalo mboga zinauzwa juu ya mitumbwi. Wiki ijayo amepanda treni kwenda milima ya kaskazini. Likizo fupi ikifika, huyo, amevuka mpaka kwenda Laos kutazama mahekalu. Tusimwonee. Mtu aliyekulia kwenye mvua ya Konoin akichuma chai, ambaye safari yake kubwa ya utotoni ilikuwa kwenda Litein kununuliwa viatu, akifunguliwa mlango wa dunia atachungulia, tena atachungulia sana. Na nyumbani hapakukosa kitu. Nyumba ya mabati ilivunjwa ikajengwa ya mawe, na Rodah akapata ng'ombe wa gredi wa kumpa sifa.

Shida ilikuwa Desemba. Kila mwaka alisema anakuja Krismasi, na kila mwaka palitokea mahali ambapo ni lazima apaone kwanza, siku chache tu, halafu aje. Rodah alikuwa akitayarisha mursik wiki kadhaa mapema, kibuyu kikisafishwa kwa mkaa kama inavyotakiwa, maziwa yakilala humo mpaka yaive. Mwishowe walioyanywa ni majirani. Walikunywa wakasifu, wakauliza, "Kwani Mwalimu ameteremka wapi safari hii?" Rodah akacheka nao. Alikuwa mwanamke wa kucheka na watu, halafu akiingia jikoni anapiga sufuria ovyo.

Lakini Desemba moja haikuwa kama nyingine. Kipngeno, mtoto wao wa pekee, aliingia jandoni na rika lake.

Kwa Wakipsigis jambo hilo si la kuchezea. Shule zikifungwa vijana huingia, hukaa mbali na mama zao wakifundishwa, na siku wanayotoka wanatoka wanaume. Kijijini mwao baba mtu ndiye anayesimama langoni, akamvisha mwanawe sinendet, ule mtambaazi wa majani mabichi wanaovishwa watu wa heshima, kisha akatembea naye bega kwa bega mbele ya watu wote. Baba yake Bethwel alimfanyia hivyo. Mpaka leo Bethwel anakumbuka mkono mzito wa mzee begani mwake, na jinsi yeye mwenyewe alivyokaza shingo ili machozi yasionekane. Siku hiyo haina marudio, na yeye alijua.

"Nitakuja," alimwambia Kipngeno kwa simu kabla hajaingia. "Hata mbingu zianguke."

"Sawa baba," kijana akasema. "Nitakuangalia kwa gate."

Wazee walikuwa wamesema vijana watatoka Jumamosi. Bethwel akakata tikiti ya kumfikisha nyumbani Ijumaa, na kwa kuwa shule yake ilikuwa imefunga, akaona siku za katikati zisipotee bure. Akaenda na walimu wenzake kwenye kisiwa kimoja cha kule. Ndipo Weldon, mdogo wake, alipompigia. Weldon ni mkulima wa chai na maziwa, mtu wa maneno machache, na Kisumu yenyewe ameiona mara za kuhesabika.

"Mwalimu, wazee wamesogeza siku. Shule zinafunguliwa mapema, na vijana lazima wapumzike nyumbani kidogo kabla ya kurudi darasani. Wanatoka Jumatano."

Bethwel alikuwa ameketi ufukoni, miguu mchangani. Yeye, mwalimu, alikuwa amesahau kuuliza shule za kwao zinafunguliwa lini! Alikuwa akihesabu kwa kalenda ya watu wengine.

"Si mngewaambia wangoje?"

"Wangoje nani? Kipngeno hayuko peke yake huko. Lakini ukitoka leo bado utafika."

Angefika. Hilo ndilo linalomkera hadi leo, kwamba angefika. Boti ya jioni ilikuwa bado haijaondoka, na tikiti ingebadilishwa, kwa hasara lakini ingebadilishwa. Ila kesho yake walikuwa wamepanga kwenda kuzamia kuona samaki wa rangi kwenye matumbawe, jambo alilolisubiri mwaka mzima, na wenzake walikuwa pale wanamwita, wanacheka, wanampungia mikono. Akaitazama bahari. Akajiambia kwamba siku yenyewe ni watu kukusanyika, kula na kupiga kelele tu, na kwamba Ijumaa atakuwa nyumbani na mwanawe kwa wiki nzima.

"Sasa sikiza, Weldon. Wewe simama hapo. Mimi na wewe si ni kitu kimoja?"

Weldon akamuuliza taratibu:

"Una hakika, Mwalimu?"

"Wacha kuwa mgumu, bwana. Ni kusimama tu."

Picha ya samaki ilifika Boito kama kawaida, samaki wa buluu wenye mistari ya manjano, wazuri ajabu. Wanawake kituoni walipomwomba Rodah afungue simu, alisema chaji imeisha.

Ijumaa Bethwel alipoteremka kwake, alikuta majani ya sinendet yamenyauka langoni na nyasi za uani zimelala kwa kukanyagwa. Kipngeno akatoka ndani, kichwa kimenyolewa, mabega yameshiba. Bethwel alifungua mikono amkumbatie. Kijana alimpa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko, akainamisha kichwa kidogo.

"Karibu, baba. Habari ya safari?"

Hivyo ndivyo anavyosalimiwa askofu. Bethwel akacheka cheko la uongo, akatoa zawadi begini, fulana yenye picha ya tembo. Haikumwenea. Ilikuwa imenunuliwa kwa kipimo cha mtoto aliyekuwa kichwani mwake, na mtoto huyo alikuwa hayupo tena.

"Ulinitafuta langoni?" akamuuliza, akijikaza kisabuni.

"Nilikutafuta," Kipngeno akasema. "Halafu nikaona baba mdogo." Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

Tangu hapo mambo yalienda kwa heshima tupu. Kijana alipotaka ushauri wa chuo, alimuuliza Weldon. Alipogombana na mwenzake kuhusu mpaka wa shamba, aliyepatanisha ni Weldon. Bethwel alirudi nyumbani kabisa miaka michache baadaye, akaweka begi juu ya kabati, akawa anaamka alfajiri kukamua ng'ombe ili tu aonekane yupo. Na Weldon, Mungu amjalie, hakuwahi kujivuna hata siku moja. Mara nyingi alimsukuma kijana, "Nenda umuulize baba yako." Kijana akaenda, akauliza, akasikiliza kwa adabu, kisha akarudi kufanya alichoambiwa na Weldon. Utamlaumu nani?

Mwaka huu Kipngeno alipata mchumba, binti mwalimu wa chekechea, kwao Kapsoit. Ikapangwa koito, siku ya familia ya mvulana kwenda kuketi na ya msichana na kukubaliana. Bethwel alinunua koti jipya. Alifanya mazoezi ya maneno yake zizini, akiwaambia ng'ombe majina ya babu zake, mpaka Rodah akamwambia atawakausha maziwa kwa hotuba.

Jioni moja ya wiki hiyo Kipngeno alimkuta uani. Akazungukazunguka, akaokota jani, akalitupa.

"Baba, kuhusu Kapsoit. Tumeonelea baba mdogo akae mbele na wazee. Yeye ndiye alinitoa jandoni, na huko wameshazoeana naye." Akaokota jani jingine. "Wewe utatusaidia na picha. Hakuna mtu anajua picha kukushinda."

Bethwel aliutafuta ubaya katika uso wa mwanawe asiuone. Mtoto alikuwa amewaza kwa makini, akamtafutia baba yake kazi anayoiweza.

"Haya," akasema. "Nitaleta ile kamera kubwa."

Rodah aliposikia alitaka kwenda kumkemea kijana. Bethwel akamshika mkono. "Mwache, mama Kipngeno. Hajasema uongo."

Kapsoit walipokewa vizuri. Wazee wa pande mbili waliketi sebuleni kwenye mkeka na viti vya kukunja, Weldon katikati akizungumza polepole, akitaja majina ya babu zao yeye na Bethwel, maneno yaleyale ambayo ng'ombe walikuwa wameyasikia. Bethwel alipiga picha. Alipiga mikono ikisalimiana, akapiga Rodah akifuta macho, akapiga Kipngeno aliyekuwa amekaza shingo ili machozi yasionekane. Hapo ikabidi aishushe kamera.

Chakula kilipoletwa, babu ya binti, mzee mkarimu mwenye macho mabovu, alitazama huku na huku asije akamsahau mtu.

"Na huyo mpiga picha," akaita, "jamani, mpeni chai yake anywe huko nje, naye ni mtoto wa watu!"

Kijiko cha Rodah kilianguka. Kipngeno akafungua mdomo, uso umempauka, na Weldon akaanza kuinuka kitini. "Mzee, samahani, huyo ni..."

Bethwel alimwekea mdogo wake mkono begani, mkono mzito, akamrudisha kitini.

"Kaa, Weldon. Mimi ndiye niliyekuambia usimame langoni."

Kisha akamshukuru mzee kwa chai, akatoka nayo nje.