Hapa Seremala ni Mmoja

Walimpa jina la Randa kwa sababu alikuwa seremala, na kwa sababu ulimi wake ulichonga watu kuliko mbao.

Mama mkwe wake, mjane, alipohamia kwao alikuja na sanduku moja na kipande cha mpesheni alichokikata uani kwa marehemu mumewe, nyumba ilipouzwa. Akakipanda nyuma ya karakana. Kikashika, kikatambaa juu ya seng'enge mpaka dirishani. Maua kilitoa, tena ya kumtoa nyoka pangoni. Tunda, hakuna.

"Mama, mti wako huu bibi harusi wa kila siku," Randa alimtania mbele ya wateja. "Kujipamba hodari, jikoni haingii!"

Wateja wakaangua kicheko. Mama mkwe naye akacheka kidogo, akaingia ndani. Randa akaapa kwamba mti usipozaa msimu ule, ataufyeka.

Kumbe katika kutozaa huko mkono wake ulikuwemo. Kabla ya hapo nyuki weusi, wanene, walikuwa wametoboa boriti za karakana wakafanya makao. "Hapa seremala ni mmoja," alisema, na jioni, walipokwisha kuingia wote, akaziba matundu kwa gundi na unga wa mbao. Alijisifu kutwa kucha, mtu mzima na akili zake.

Msimu ulipoyoyoma alishika panga, akazunguka nyuma. Ilikuwa adhuhuri, maua ya mpesheni yanapofunguka. Mama mkwe alikuwa amesimama juu ya kigoda, kidole kimejaa vumbi la manjano, akigusa ua hili, kisha lile. Ya juu hakuyafikia.

"Mama, unafanya nini?"

"Kazi ya wale nyuki, baba. Bila wao ua halishiki tunda."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu ulipowaziba."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningesemaje, baba? Mimi niko kwako."

Randa aliona haya, masikio yakamwaka moto. Akalificha panga nyuma ya mgongo, ilhali mama alikwisha kuliona. Tangu siku ile, kila adhuhuri Randa aliacha kazi, akapanda juu ya benchi, akayagusa maua ya juu. Hawakutazamana.

Tunda la kwanza lilipoiva, mama mkwe alilileta karakanani, wateja walewale wakiwapo.

"Hili ni la mikono ya mkwe wangu," akawaambia.

Wakampongeza. Randa aliinamia ubao, akaendelea kupiga randa mahali palipokuwa pameshalainika.